Mstari wa Pili

Chumba cha mwisho kwenye korido ya idara ya fizikia hakina mtu. Pazia limeshushwa, na wanaopita pale hupunguza sauti kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Aliyekuwa akikaa humo walimwita Mama Vumbi, naye aliitika akicheka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima umbali wa galaksi zinazozaa nyota kwa fujo huku zimejifunika vumbi gubigubi, hata darubini ya kawaida isizione.

Alizifikia kwa mawimbi ya redio. Gesi iliyomo ndani yake hutoa mawimbi ya urefu maalumu, nayo huvutika safarini; kadiri yanavyovutika ndivyo galaksi ilivyo mbali. Kwenye kompyuta kila wimbi huchomoza kama mstari. Tatizo, gesi ileile hutoa mistari mingi. Ukipata mmoja tu, hujui kama ni wa wimbi refu lililovutika kidogo au wa wimbi fupi lililovutika mno.

Yeye alipata mmoja. Vumbi lilionekana jekundu sana, kama mwanga uliovutika safari ndefu, akaamini galaksi hiyo ni ya mbali mno, ya enzi ulimwengu ukiwa mchanga. Akaandika hivyo. Mkuu wa idara akatangaza, wafadhili wakapiga makofi, watafiti wawili wakaajiriwa. Makofi yalipokwisha, shaka ikaanza kumla. Akaomba darubini itafute mstari wa pili.

Tangu hapo kila simu ilimshtua. Mumewe, fundi wa majokofu, alijaribu kumchekesha.

"Mama watoto, hiyo galaksi ina miaka yote hiyo pale ilipo. Haitahama leo."

"Haihami. Ila nilipoiweka mimi, huenda haipo."

Mume akamsogezea kikombe. Chai ikapoa.

Matokeo yalifika asubuhi yenye mawingu. Mstari wa pili ulikuwepo, mwembamba, mahali ambapo haukutakiwa kuwa. Galaksi ilikuwa karibu zaidi, ya umri wa kati, moja kati ya nyingi. Vumbi lake lilikuwa la baridi zaidi kuliko alivyodhani; ndiyo maana lilionekana jekundu.

Alimpelekea Mkuu. Mkuu alitazama, akainuka, akafunga mlango taratibu.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe, Profesa."

"Basi tunatosha. Subiri mkutano wa wafadhili upite."

"Na wakiuliza?"

"Wale? Hata choo chetu wanaelekezwa!" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Dada yangu, ukisema hutaanguka peke yako. Mmoja wa wale watafiti wapya, mkewe ana mimba. Unajua?"

Alijua. Alikwenda mkutanoni akijua, akaonyesha mistari yote miwili, akasema, "Nilikosea."

Hakuna aliyemfokea, na hilo ndilo lililomtia baridi. Siku zilizofuata watu walihamisha sahani zao kutoka meza aliyokaa. Kufuli ya chumba cha kompyuta ilibadilishwa bila yeye kuambiwa. Mradi ukafungwa, na mkataba wake haukurefushwa. Mtafiti mwenye mke mjamzito alipishana naye ngazini, mikononi amebeba boksi la vitu vyake.

"Umetumaliza, mama," alisema, bila hasira, akaendelea kushuka.

Sasa Mama Vumbi anafundisha hesabu kidato cha pili, katika shule ya wasichana nyuma ya hospitali.