Siku Wakili Hainzi Alipokataa Kunawa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Izia na Kizwite hapa Sumbawanga mtanisahihisha nikikosea, baridi ya Juni ilikuwa baridi kweli. Tulikwenda shule na sweta mbili, ya juu ina matobo na ya chini ina matobo, tukiomba Mungu matobo yasikutane. Tukirudi tulicheza rede mpaka mpira hauonekani tena, magoti yamepauka, midomo imepasuka, na kutoka jikoni kunanukia ugali wa ulezi. Mvua za kwanza zikinyesha tulikimbizana na kumbikumbi, na wengine tuliwala wabichi kabla hatujafika nyumbani. Wadogo zetu wa leo ukiwaambia hivyo wanakutazama kama umekiri kosa. Wao wanataka chipsi, tena na kachumbari pembeni.

Lakini nikianza na rede nitaishia kwenye rede, na ninayetaka kuwakumbusha ni Wakili Hainzi. Nimewaza sana kama ni sawa kuandika habari za nyumbani kwetu. Nimemuuliza dada yangu mara tatu, na mara zote tatu amesema andika. Basi naandika kabla sijamuuliza mara ya nne.

Wakili Hainzi alikuwa Mjerumani mrefu, masikio makubwa, mekundu kama nyanya wakati wa baridi. Alikuja kwa miaka miwili kuisaidia parokia mambo ya sheria, akakaa mpaka akachukua uraia na nywele zikawa nyeupe zote. Barazani kwake Izia kulikuwa na benchi refu lililojaa watu tangu asubuhi: mjane aliyenyang'anywa shamba, baba ambaye mwanawe yuko mahabusu mwaka wa pili bila kesi kusikilizwa, bibi kizee ambaye majirani walitaka ahame kwa sababu radi ilipiga nyumba ya pili. Wazee aliwasalimu kwa Kifipa, akichuchumaa na kupiga makofi taratibu kama mtu aliyezaliwa kijijini Kasense. Kiswahili chake kilikuwa kama cha mtangazaji wa redio.

Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alisubiri majibu. Ukimwamkia shikamoo, anashuka kwenye baiskeli, anaitika, anauliza habari za shule, halafu anasubiri. Siku moja nilimjibu "nzuri", akabaki ananitazama, nikaona aibu, nikamweleza yote, kuanzia hesabu za kugawanya hadi Agripina aliyeniibia kifutio. Kesho yake akamsimamisha Agripina njiani, akamuuliza na yeye upande wake. Kumbe kifutio kilikuwa cha Agripina.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Dada yangu Fausta alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na sita, na Baba alikuwa amekubaliana na rafiki yake wa Kasense kwamba Fausta aolewe na kijana wa huko. Baba hakuwa mtu mbaya, na hili nataka lieleweke. Alifanya kama alivyofanya baba yake. Ng'ombe watatu walikuwa tayari wamefungwa nyuma ya nyumba yetu. Fausta hakulia mbele ya mtu. Alivipanga vitabu vyake chini ya kitanda, akavifunika kwa kanga vizuri kabisa, kama mtu anayefunika maiti, akaendelea kuchota maji.

Mama hakuweza kumpinga Baba. Ila Jumapili, watu wakitoka misani, nilimwona akimsogelea Wakili Hainzi.

"Mzee, karibu chakula Jumamosi," alisema. "Tutakuwa na wageni wa Fausta."

Akageuka akanishika mkono tukaenda.

Jumamosi walikuja watatu kutoka Kasense, mshenga na wazee wawili. Baba alikuwepo na kaka yake, Baba Mkubwa. Wakili Hainzi alikaribishwa kiti cha pembeni, akasikiliza maongezi yote bila kuchangia. Saa saba mchana Baba akasema mambo yameisha, sasa tule. Kuku wawili wa kienyeji walikuwa mezani, mchuzi wao unanukia hadi barabarani. Nikaingia na jagi na beseni, nikapiga magoti mbele ya Wakili Hainzi, maana kwa umri ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. Hakunyoosha mikono.

"Asante mwanangu. Bado."

"Kuna nini tena, Mzee?" Baba akauliza.

"Sijamsikia Fausta."

"Fausta yuko jikoni."

"Basi nitamsubiri."

Kwetu, kama mnavyojua, mgeni mkubwa asiponawa hakuna anayenawa. Na mgeni hafukuzwi. Nadhani yote mawili aliyapigia hesabu kabla hajatoka nyumbani kwake.

Fausta akaitwa, akapiga magoti mlangoni, akainamisha uso. Kimya.

"Unaona?" Baba Mkubwa akasema. "Mtoto wa kike akinyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyokuta."

"Inawezekana," Wakili akajibu. "Lakini sheria inayomruhusu baba kumwoza inataka na yeye binti aridhie. Na mimi masikio yangu ni mazito. Kimya sikisikii."

Na masikio yale yalivyokuwa makubwa! Niliuma mdomo nisicheke. Tukasubiri. Maji yakapoa, nikatumwa kuyapasha. Jikoni Mama aliyapokea, akayabandika mafigani, halafu kwa utulivu kabisa akazichomoa kuni mbili motoni. Nilimtazama. Akanitazama. Maji yale yalichukua muda mrefu kuliko maji yoyote niliyowahi kuyaona.

Nikarudi. "Bado mwanangu." Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mafuta ya mchuzi yakaganda. Mimi nawaza labda ni kosa langu, labda nimepiga magoti vibaya, labda jagi lina harufu.

"Mzee," mshenga akasema, "huko kwenu mnakula kwa macho? Huyu kuku ataota manyoya tena, aruke."

Watu wakacheka, hata Baba kidogo. Wakili Hainzi alicheka kuliko wote, lakini mikono ikabaki magotini.

Baba Mkubwa hakucheka. "Wewe una watoto?"

"Sina."

"Basi huyu wa watu anakuhusu nini?"

Wakili akasema kwamba baba yake alikuwa karani wa mahakama kule Ujerumani, enzi za vita. Karatasi za watu waliohukumiwa zilipita mezani kwake, naye kazi yake ilikuwa kupiga muhuri. "Nilipokuwa kijana nilimuuliza, baba, wale watu walisema nini? Akaniambia hakuna aliyewauliza. Alikuwa mtu mwema, baba yangu. Alinifundisha kuendesha baiskeli."

Nilimwona Baba akitazama sakafu. Saa kumi na robo, kutoka mlangoni, nikasikia sauti ndogo.

"Nataka kumaliza shule."

"Sijasikia vizuri," Wakili akasema.

"Baba, nataka kumaliza shule."

"Masikio haya! Samahani binti, mara ya mwisho."

"NATAKA KUMALIZA SHULE! Nikimaliza, anayenitaka aje aniulize mwenyewe!"

Kuku waliokuwa hai huko nje walitawanyika. Fausta mwenyewe aliziba mdomo kwa mikono miwili kama aliyevunja chungu. Na Wakili Hainzi, polepole, akanyoosha mikono yake mirefu juu ya beseni.

"Mwanangu, mimina."

Nilimimina kwa furaha mpaka jagi lote likaisha, nusu kwenye mikono na nusu kwenye suruali yake. Mshenga akacheka hadi akashika ukuta. "Basi tule jamani, hili limekwisha kujibiwa!" Baba Mkubwa alinuna, lakini paja alichukua yeye. Baba hakula. Kwa wiki tatu alizungumza na Mama kupitia kwangu: mwambie mama yako hivi, mwambie baba yako vile. Wiki ya nne aliwafungua ng'ombe wale watatu akawarudisha Kasense mwenyewe kwa miguu. Aliporudi jioni alimkuta Fausta anasoma, akamsogezea taa. Ndiyo maneno yake yote juu ya jambo lile, hadi leo.

Fausta alimaliza shule. Hesabu alifeli, akarudia, akafaulu. Sasa ana duka la dawa za mifugo Kizwite, na aliolewa na mtu aliyekwenda kumuuliza mwenyewe kaunta, akasubirishwa miezi saba. Wakili Hainzi alifariki nikiwa chuo, akazikwa hapahapa Sumbawanga. Nilikuwa kwenye mitihani, sikuja, na bado linaniuma.

Siku hizi mambo ni haraka. Juzi posa ya binti wa shangazi yangu ilimalizwa kwenye kundi la ukoo la simu. Picha ya kijana, tarehe, madole gumba zaidi ya thelathini, na chai yangu haijapoa. Na mimi niliweka langu. Sisi wa sasa haki zetu tunazijua kwa vifungu, tunazibandika hata kwenye fulana, lakini sijui ni nani kati yetu anaweza kukaa saa tatu na njaa yake mbele ya kuku wa kienyeji, wazee wakimnunia, kwa ajili ya msichana ambaye si mwanawe wala ndugu yake.

Jana nilimpigia yule binti. Nikamuuliza kama ndoa anaitaka. Akanyamaza. Siku nyingine ningesema haya mdogo wangu, tutaongea, nikakata. Sikukata. Salio liliisha nikiwa bado namsikia anapumua, na nimeshanunua jingine.