Kona ya Bibi Ozaki

Nakagome alikuwa na kazi ya kutafuta mahali pa kuweka mashine za kuuzia vinywaji. Akipita mtaani hatazami watu, anatazama makopo matupu waliyotupa: penye makopo pana kiu, na penye kiu ndipo anapopatia riziki. Katika mji mzima wa Kochi, Japani, hakukuwa na kona iliyomtoa udenda kama ya Bibi Ozaki, mjane ambaye nyumba yake ilitazamana na uwanja wa besiboli wa shule.

Mkuu wake alishamwambia: asipoleta mkataba wenye muhuri wa bibi huyo, ambao kule ndio sahihi, kufikia Ijumaa, anahamishiwa Hokkaido kwenye theluji. Mkewe naye alishasema yeye haendi.

"Nitalifikiria," Bibi Ozaki alimwambia tangu mwezi wa nne. Kule, hilo ni kukataa kwa adabu, na Nakagome alijua fika. Akajitia hajui. Akawa anarudi kila Jumanne na kitaulo cha zawadi, na kila Jumanne bibi anamtafutia kazi.

"Mwanangu, maadamu umekuja, yale magugu yananiumiza macho."

Aling'oa magugu, akapogoa msonobari, akahamisha makabati. Mwezi wa tisa ukaingia, bibi bado analifikiria.

Wiki ile ya agizo la mkuu wake hakuwa na subira tena, akaenda Jumatano. Akakuta ngazi ukutani, na juu ya paa Hamaguchi wa kampuni nyingine, tai kaitupia begani, anazibua mfereji wa mvua.

"Wewe wa lini?" Hamaguchi akauliza.

"Jumanne."

"Alhamisi kuna mwingine. Anapaka rangi uzio."

Nakagome alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Akavua viatu, akaingia, akapiga magoti na kuweka mkataba mbele ya bibi.

"Bibi, leo sina kitaulo. Nimekuja unikatalie. Sema 'sitaki' mara moja tu, nikafunge mizigo."

"Naona mawingu yanakusanyika," bibi akasema.

"Neno moja tu, bibi."

"Ngoja nikuletee chai."

"Nitakunywa ukishanikatalia."

Bibi Ozaki alikuwa na miaka themanini na miwili na hajawahi kumkatalia mtu usoni. Akafungua mdomo, akakohoa, akapanga upya maua ambayo hayakuwa na kasoro. Mwishowe akavuta droo kwa ghadhabu, akatoa muhuri, akaugonga kwenye mkataba.

"Huna adabu hata chembe," akasema. "Basi kamwambie wewe yule wa juu."

Nakagome akasimama chini ya ngazi na karatasi yake. Moyo ulikuwa unamcheza kwa furaha, lakini ulimi ulimgoma.

"Hamaguchi," alisema hatimaye, "hali ya hewa unaionaje?"

Hamaguchi akaiona karatasi na wino mwekundu ambao haujakauka. Kisha akageukia mfereji, ambao nusu yake bado ilikuwa imejaa majani.

"Nishikie ngazi," akasema, "nimalizie."