Shangazi Alivyotetea Ubatizo wa Marehemu

Shangazi, tuliyemzika mwezi uliopita, alikuwa fundi cherehani, na ukitaka kumshinda kwa maneno ilikubidi umvizie akiwa na pini mdomoni. Hata hapo hukuwa na uhakika.

Mwaka mmoja mchungaji wa kanisa lake alitoroka na kinanda cha kanisa, tena pamoja na mpiga kinanda. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua: mikono ile ilikuwa michafu, kwa hiyo wote aliowabatiza wabatizwe upya. Mwenyekiti wa wazee akaja na mkewe kwenye chumba cha kushonea, mke apimwe gauni, naye aagize kanzu nyeupe arobaini za ubatizo.

Fundi mwingine angeruka kwa furaha. Shangazi aliweka mkasi chini. Mumewe alibatizwa na mchungaji yuleyule, na sasa alikuwa na miaka mitatu kaburini.

"Na marehemu wangu mtambatiza vipi?" akauliza. "Mtamfukua?"

"Mama, hayo tumwachie Mungu," Mwenyekiti akajibu.

"Mbona haya mengine hamkumwachia?"

Marehemu mumewe alimwachia kitabu cha historia ya kanisa, naye alikisoma kila wateja walipopungua. Huku akimpima mke wa Mwenyekiti mabega, akaeleza kwamba ugomvi huu una umri wa miaka elfu moja na mia saba. Huko Afrika ya Kaskazini, watawala wa Kirumi walipowatesa Wakristo, baadhi ya viongozi wa kanisa waliogopa wakasalimisha Maandiko yachomwe. Hatari ilipopita, waumini wakagawanyika: aliyebatizwa na msaliti, amebatizwa kweli? Walivutana zaidi ya miaka mia.

"Wakaamuaje?" mke wa Mwenyekiti akauliza.

"Wengi walishikilia kwamba anayebatiza ni Kristo. Mchungaji ni tarishi tu. Tarishi akiwa mlevi, barua inakoma kuwa ya aliyeiandika?"

"Hayo ni ya kale," Mwenyekiti akasema.

"Ya kale ndiyo yamekuleta hapa na oda ya kanzu. Haya, wewe na mama huyu, nani aliwafungisha ndoa?"

Mwenyekiti akakohoa.

"Yeye yule," mkewe akajibu, mikono kiunoni. "Baba watoto, miaka tisa nakufulia soksi, kumbe mimi ni nani wako?"

"Mke wangu, haya ni mambo ya…"

"Nani kasema mke? Si mikono ilikuwa michafu? Fundi, hebu nipime la harusi kabisa. Safari hii nachagua mwenye akili."

Jumapili Mwenyekiti alisimama mbele ya waumini, akasoma karatasi mbiombio kama mtu anayekanyaga makaa: ubatizo wote unabaki halali, wa walio hai na wa waliotangulia.

Shangazi hakupiga vigelegele. Alitoka kabla ya wimbo wa mwisho, akapitia makaburini, akaufuta msalaba vumbi kwa ncha ya khanga.

"Lala, mume wangu," akasema. "Hakuna atakayekuamsha ukaoge tena."