Kutoka Nduli Hadi Mbeya

Harufu ya mafuta ya ndege ilichanganyika na ya majani makavu siku tuliyomsindikiza mama hadi Nduli, kwenye kiwanja cha ndege cha Iringa. Ilikuwa Julai, miaka ya sabini, baridi inauma hasa, na upepo wa pale hauna huruma na mtu. Mama alikuwa akiumwa. Daktari alitaka atibiwe Mbeya, ambako ndiko kwao, na hali yake haikuruhusu basi la kutwa nzima kupitia Mafinga na Makambako. Baba akahangaika mpaka akampatia nafasi kwenye ndege ndogo. Nilimng'ang'ania mama khanga nisimwachie, hadi baba aliponiinamia. "Mbeya si mbali, mwanangu. Kwa ndege hata saa haiishi." Nikaachia. Mtu aliye karibu hivyo unamlilia nini?

Tuliporudi nyumbani Kihesa nilichukua fagio, maana uani kulikuwa kuchafu. Bibi, mama yake baba, akaninyang'anya. Kwetu msafiri akiondoka hapafagiliwi mpaka ajulikane amefika. Ukifagia mapema unamfukuza asirudi. Mama akienda kwao kwa basi tulikuwa tunalala na takataka zetu, tunafagia kesho yake.

"Mama, huyo ameshafika," baba alimwambia bibi.

"Amefikaje, na maharage yangu hata hayajachemka?"

"Si amekwenda kwa ndege."

"Hata kama. Mbeya haijahama."

Bibi akaondoka na fagio lake, akaenda kukaa jikoni amenuna. Mimi nilikuwa upande wa baba kabisa. Niliwatambia watoto wa jirani kwamba mama yangu yuko karibu kuliko Ruaha Mbuyuni vinakotoka vitunguu, na aliyebisha nilimcheka. Bibi alifagia kesho yake, polepole, akianzia mlangoni.

Baba aliahidi kunipeleka akipata likizo. Nikawa nasubiri. Ndege ikisikika tu, natoka mbio, nimenawa uso, gauni la kanisani mkononi, nikiamini ndiyo yetu. Zilipita nyingi, na likizo haikutoka. Siku moja akaja mjomba, kaka yake mama, ameshuka kwenye basi na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilielewa kwa namna bibi alivyonivuta kifuani. Baba alikwenda kuzika. Mimi niliachwa, wakasema ni mdogo mno.

Nilimkasirikia baba miaka mingi, na hasira ile ilikuwa na akili zake. Niliona alinidanganya nimwachie mama khanga. Kama Mbeya ilikuwa karibu, mbona hatukwenda? Nikajiaminisha kwamba ilikuwa mbali sana, mbali kupita uwezo wa mtu yeyote, na hilo likanisaidia kuishi.

Siku hizi ndege za Mbeya ni kubwa, zinatokea Dar es Salaam, na zinatua Songwe, nje ya mji. Nilipopanda kwa mara ya kwanza, baba alikuwa ameshafariki. Kijana wa kiti cha jirani alinionyesha dirishani. "Iringa hiyo, mama." Nikaitazama ikipita chini, milima na mabati yake, huku nikipuliza chai. Chai haijapoa vizuri, mhudumu akaja kuchukua kikombe; tunashuka. Nikamwachia, nikajifunika uso kwa khanga. Baba hakunidanganya. Mama alikuwa karibu kiasi kile, na hatukwenda.