Neno la Siri Lilikuwa Kamwene

Nilikuwa mfagizi wa ofisi ya kituo cha yatima Njombe. Mjukuu wangu Upendo alitunza majina ya watoto kwenye kompyuta. Mwenye intaneti na neno la siri aliweza kuyafungua hata akiwa Makambako. Neno lenyewe lilikuwa salamu yetu Wabena, kamwene.

Siku moja huko Makambako, mgeni mwenye duka la intaneti aliniomba nimfundishe Kibena. Mimi na mdomo wangu! "Sema kamwene. Hata kompyuta ya mjukuu wangu pale kituo cha yatima Njombe hufunguka ukiisalimia hivyo."

Wiki ile ile majina yote yalifutwa na mtu aliyeingia kwa neno la siri akiwa Makambako.

"Nani mwingine alijua neno hilo?" bosi aliuliza.

"Mimi tu," Upendo alijibu, machozi yakimtoka.

"Basi huna kazi."

Nikaweka ufagio chini. "Anadanganya, bosi. Aliniambia mimi bibi yake, nami nikalitangaza."