Aliyepiga Simu

Nilipoanza kuandika riwaya yangu ya majambazi nilikuwa na kila kitu isipokuwa msaliti. Ni majambazi wa kweli, wale waliovunja mabenki miaka ya thelathini, wakati watu wa huku Marekani walipanga foleni ya supu ya bure. Walikuja kujificha Saint Paul kwa sababu polisi wa enzi zile waliwaacha walale salama, mradi wasiibe mjini. Jambazi wangu alipanga chumba kwa mjane mmoja, akakaa majira yote ya baridi, mpaka siku polisi wa serikali kuu walipoijua nyumba. Nani aliwaambia? Bila kulijua hilo sikuwa na kitabu.

Na aliyejua nilikuwa namwogesha mwenyewe, asubuhi tatu kwa wiki. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Inver Grove Heights, kando ya Saint Paul, na bibi wa chumba cha mwisho, anayekaribia miaka mia, ni binti wa yule mjane. Jambazi alimfundisha karata jikoni akiwa mtoto. Aliniruhusu kuandika, mradi nibadilishe majina. Nilimwuliza rangi ya mapazia, aina ya gari, Jumapili walikula nini. Lakini mimi nimelelewa Tanga, na kwetu humwulizi mtu mzima habari za mama yake na mwanamume. Nikazunguka mbuyu miezi minane.

Mwenzangu wa zamu, Mkenya, hakuzunguka chochote. Vitabu hana habari navyo. Asubuhi moja niliingia na mashuka nikamkuta ameketi kitandani, Bibi amemshika mkono, analia. Waliponiona wakanyamaza.

"Nilimuuliza tu straight," aliniambia baadaye tukinywa chai. "Shosho, mamako alikuwa na kitu na huyo jamaa? Akafunguka yote. But amesema nisimwambie mtu, dada. Usikasirike."

Nilikasirika. Roho iliniuma hadi chai ikanishinda. Miezi minane namkata kucha, namchana nywele, halafu siri anapewa mtu asiyejua hata pa kuipeleka. Mama yangu alikuwa akituambia mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilikwenda ofisini. Nilimwambia msimamizi, kwa sauti ya mtu anayewajali wagonjwa, kwamba mwenzangu anakaa mno chumba kile na wengine wanabonyeza kengele bila kujibiwa. Haukuwa uongo wote. Jumatatu akahamishiwa ghorofa ya tatu.

Nilidhani sasa Bibi atakuwa wangu peke yangu. Kila asubuhi aliniuliza yule mwingine yuko wapi, nami nikamjibu kwamba ratiba imebadilika. Akawa ananipa mkono niuoshe huku anatazama dirishani. Hata mapazia hakutaka tena kuyazungumzia.

Wiki ya tatu mwenzangu alinisubiri kwenye maegesho, theluji inaanguka, gari lake linanguruma.

"Ingia, kuna baridi," alisema. "Huwa napitia kwa Shosho nikitoka shift. Jana ameniambia nikupee hiyo story. Anasema kitabu bila hiyo ni uongo."

Akanisimulia, mikono yake iko juu ya usukani. Jambazi na yule mjane walikuwa wapenzi, hilo kweli. Jumapili moja jambazi alikuja na mwanamke mwenye kola ya manyoya, akaomba sahani iongezwe. Mjane akaongeza sahani. Akampakulia mgeni kipande kizuri, akaosha vyombo, akavaa koti, akamshika binti yake mkono hadi duka la dawa la pembeni, ambako kulikuwa na simu. Mtoto alisimama pale ameshika glavu ya mama yake, akasikia kila neno. Asubuhi yake jambazi akapigwa risasi kwenye ngazi ya nyumba yao.

"Na alikuwa mama wa kanisa, eti," mwenzangu alisema. "Ni wivu tu, dada. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akafungua chupa yake ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko.

"Hata mimi sijui ni nani alinipeleka third floor," akasema. "Mungu ndiye anajua."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilimshukuru, nikainywa yote, nikashuka.

Sura ile niliiandika kwa siku mbili, mimi ambaye ukurasa mmoja hunichukua wiki. Sikuhitaji kumwuliza mtu mjane yule alijisikiaje alipoinua simu, wala alitumia sauti gani. Mwenzangu bado yuko ghorofa ya tatu, na tukikutana kwenye lifti huniuliza kitabu kimefika wapi.