Nimeonja halwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 34, na bado naona aibu

Wakuu, niaje. Hii sikusimuliwa, ilinipata mwenyewe mwezi jana, na sitaongeza chumvi.

Nimekulia Pumwani, Nairobi. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, kanisani kila Jumapili. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Bi Mwanaidi, rafiki mkubwa wa mama yangu. Walisukana nywele, walifua pamoja.

Kila Iddi alituletea halwa. Kipande changu, na cha kaka yangu Evans.

Evans alikuwa ameshaniambia: "Hiyo ni kwato za ngamia zimechemshwa. Ukikula utatapika."

Ukiona vile halwa hutikisika kwa sahani, mtoto wa miaka saba ataamini. Evans akawa anakula vyote viwili kwa siri. Leo ni mzee wa kanisa, tuyaache hayo.

Iddi moja Bi Mwanaidi akaniuliza mbona sili. Akauliza kama kuna mtu nyumbani amenikataza. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba chakula chake ni kwato? Nikaangalia chini.

Hakuuliza tena. Halwa nayo haikuja tena, na baadaye tukahama estate.

Fast forward. Siku hizi nauza vitambaa vya pazia Eastleigh. Customer wangu mmoja kumbe ni mjukuu wa Bi Mwanaidi, akanialika harusi yake. Baada ya nikaha nikaingia ndani kumsalimia bibi. Amezeeka, lakini alinitambua.

Sinia ya halwa na kahawa ikafika. Akamwambia msichana aliyeibeba, "Huyo mpite. Mama yake hataki ale vya kwetu."

Alisema kwa upole kabisa.

Nikachukua kipande. Wakuu, ni sukari, samli na iliki tu. Nilishika cha pili kabla sijameza cha kwanza. Halafu nikamweleza habari ya kwato.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatulia.

"Mimi nikamnunia mama yako miaka yote hii," akasema. "Nikadhani anatuona najisi."



Alinifungia halwa nimpelekee mama, na salamu za kuomba radhi. Mama siku hizi anaishi Kakamega. Wikendi iliyofuata nikaenda, nikamweleza yote, nikijua nitagombezwa.

Hakunigombeza. Alikishika kile kifurushi kitambo bila kukifungua, kisha akauliza:

"Kwa hivyo sikuwa nimemkosea?"

Kumbe aliwahi kumuuliza Bi Mwanaidi wakati ule, akaambiwa hakuna kitu. Akaja kuhama Pumwani bila kujua alifanya nini, na amekuwa akijiuliza tangu hapo. Mimi nilikuwa na jibu muda wote huo, na wala sikujua kuna swali.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto akikataa chakula chako, muulize, halafu umngoje ajibu. Na kama rafiki amekununia, usitosheke na "hakuna kitu".

Haya, na wewe ni chakula gani ulikikataa utotoni, na ni nani alikudanganya? Mwageni hapa chini.

Watakaoniuliza picha ya halwa, sina. Mama aliimaliza yote peke yake, na sikuthubutu kuomba.